Yah: Kufunga Muhula wa Kwanza, na Kicheko cha Siku ya Wazazi

Ndugu Wazazi na Walezi,

Habari za kazi. Leo tumefunga shule, na mtoto wako ameondoka na ripoti yake mkononi. Akikwambia imepotea njiani, nipigie simu.

Nianze na furaha. Mnakumbuka Kidato cha Kwanza walivyokuja Januari. Miaka saba wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu, halafu huku wanakuta jiografia kwa Kiingereza, baiolojia kwa Kiingereza, mpaka hesabu. Mwalimu anauliza "Do you understand?", darasa zima linaitikia "Yes!", na hakuna aliyeelewa. Yes ile naijua, nimeisikia miaka mingi.

Muhula huu mwalimu wa jiografia amewakalisha wanne wanne, anayejimudu na anayehangaika pamoja, kwa makusudi. Mada ya mfumo wa jua aliikata vipande vinne, kila mmoja na chake. Wenye kipande cha mwezi kutoka makundi yote wanakutana kwanza pembeni, wanabishana kwa Kiswahili, wanakubaliana namna ya kukisema kwa Kiingereza, kisha kila mmoja anarudi kuwafundisha wenzake watatu ambao hawajakisoma. Kila mmoja ana namba yake kundini, na mwishoni mwalimu anaita namba tu. "Namba tatu!" Namba tatu wote wanasimama, na hakuna ajuaye nani ataulizwa. Kujificha nyuma ya mwenye akili kumekwisha.

Aprili nilikaa dawati la nyuma. Binti mmoja ambaye sikuwahi kusikia sauti yake tangu aripoti alikuwa na kipande cha mwezi. Akashika chungwa. "The moon no light," akasema. Mwenzake akamkatiza kwa Kiswahili, "Sasa mbona unang'aa?" Binti akasogeza chungwa kwenye mwanga wa dirisha, akalizungusha taratibu, akatafuta neno. "Borrow." Unaazima! Nusura nipige makofi.

Wapo mnaolalamika kwamba darasa limekuwa soko na Kiswahili kimeruhusiwa. Ndiyo, kimeruhusiwa, kwenye kufikiri. Kile kibao cha kuvishwa shingoni aliyeponyokwa na Kiswahili nimekitoa, na hakirudi nikiwa hapa. Na wewe unayesema mwanao mwenye akili anapoteza muda kufundisha wenzake, soma alama zake kwanza.

Sasa yaliyonikera.

Siku ya Wazazi binti yuleyule alisimama na chungwa lake mbele yenu. Akasema "The moon borrow light". Kicheko kikaanzia kwenye viti vya wazazi. Wazazi! Mmoja akairudia kwa kubana pua, na walio jirani naye wakazidi kucheka. Watoto wakadaka. Jumatatu shule nzima inamwita "Borrow", na siku nne hakuonekana. Wavulana watatu wa Kidato cha Tatu walioongoza utani huo nimeshawashughulikia. Ila waliupata kwenu.

Mbinu hii ya kugawana vipande haikubuniwa na mwalimu wetu. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitumia kwenye madarasa ambayo watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico walikuwa ndiyo kwanza wamechanganywa. Anasimulia habari za mvulana mmoja ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao; alipokwama, wenzake walimdhihaki. Wakakumbushwa kwamba mtihani utauliza alichosoma yeye peke yake. Wakaacha kumcheka, wakaanza kumuuliza maswali. Watoto wale walielewa siku chache tu. Sisi watu wazima tunahitaji muda gani?

Kwa sababu hiyohiyo nakuwa mkali kuhusu utoro wa siku ya gulio. Zamani mtoto akibaki kuuza nyanya alijipunja mwenyewe. Sasa kipande chake kinakosekana, na watatu wanabaki na somo lenye tundu. Mwezi Mei kuna kundi lilibaki na mtu mmoja! Kuanzia muhula ujao, mzazi wa mtoto atakayekosa shule siku mbili za gulio nitamwita, na asiyekuja nitamfuata hukohuko gulioni, mbele ya wateja wake.

Chakula cha mchana: ada ilifutwa tangu 2016, hilo najua, msinikumbushe. Mahindi na maharage mlikubaliana wenyewe kikaoni na mkanyoosha mikono. Wanaochangia wamechoka kulisha watoto wa wasiochangia, na mpishi anadai.

Madawati yamekarabatiwa. Tarehe ya kufungua ipo kwenye ripoti. Kila mwanafunzi arudi na fagio la chelewa.

Mzazi uliyebana pua, jina lako sikuliandika. Wiki ya kwanza ya muhula, kipindi cha jiografia, nimekutengea kiti kwenye kundi la binti huyo. Utapewa kipande chako na utakieleza kwa Kiingereza.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule