Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Usahihi wa Namba Tunazotoa kwenye MRI

Ndugu wanachama,

Masuala ya ada, hesabu na wanachama wapya yamo kwenye taarifa za mhazini na katibu. Nawashukuru kwa kuhudhuria vikao vya jioni pale Upanga licha ya foleni za Dar es Salaam, wengine mkiwa mmetoka zamu. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotukalisha hadi usiku: MRI ya dawa ya kontrasti, yaani picha za mashine ya sumaku zinazopigwa mgonjwa akiwa amedungwa dawa ya kung'arisha tishu.

Paul Tofts na Allan Kermode walichapisha modeli yao ya kihesabu ya picha hizi mwaka 1991, na mpaka leo ndiyo inayotumika sana. Mashine hupiga picha mfululizo gadoliniamu, ndiyo dawa yenyewe, inapoingia kwenye tishu, kisha programu hukokotoa Ktrans, yaani jinsi dawa inavyovuja kutoka kwenye plazima (majimaji ya damu), na ve, nafasi iliyo nje ya seli na nje ya mishipa ya damu. Ktrans ikishuka baada ya tiba, daktari anaweza kuamini kwamba uvimbe unaitikia. Namba yenye uzito huo haitaki uzembe.

Tuanze na T1, muda ambao tishu huchukua kurudi katika hali yake baada ya kusisimuliwa na mawimbi ya redio ya mashine; ndiyo inayotuwezesha kugeuza mng'ao wa picha kuwa kiwango cha dawa. Tunapoipima kwa kubadilisha pembe ya mgeuko, yaani kiasi ambacho mawimbi hayo hugeuza usumaku wa tishu, pembe ikikosewa kwa asilimia 10, T1 hukosewa kwa takriban asilimia 20. Kwenye mashine yenye nguvu ya sumaku ya tesla 3 pembe halisi hutofautiana sana ndani ya nyonga, na huko ndiko iliko saratani ya shingo ya kizazi. Ramani ya B1, inayoonyesha nguvu halisi ya mawimbi hayo kila mahali, isirukwe.

Lililonigusa zaidi ni damu. Modeli inahitaji kiwango cha dawa kwenye plazima, ilhali mashine inaona damu nzima, kwa hiyo hesabu hujaziwa hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ya kukisia, mara nyingi 0.45. Sasa mfikirie mama aliyetokwa damu kwa miezi kadhaa, hematokriti yake 0.30. Plazima yake ni 0.70 ya damu. Programu inaihesabu 0.55. Dawa inaonekana nyingi kuliko ilivyo, na Ktrans inatoka pungufu kwa takriban asilimia 21. Ve nayo inapungua kwa kiasi hichohicho, hivyo uwiano wao (Ktrans kwa ve), uitwao kep, unabaki vilevile na hautupi ishara yoyote kwamba kuna kosa.

Halafu anaongezewa damu katikati ya matibabu, kama inavyofanyika kila siku. Kipimo cha pili kinakaribia ukweli kuliko cha kwanza, na Ktrans iliyoshuka kweli inaweza kuonekana haijashuka. Mama huyo anaweza kubadilishiwa tiba iliyokuwa ikimsaidia. Kwa nchi yenye wagonjwa wengi wa selimundu na upungufu wa damu kama yetu, makisio haya hayatufai.

Majibu ya FBP, kipimo cha picha kamili ya damu chenye hematokriti ndani yake, kwa kawaida yamo tayari kwenye faili la mgonjwa. Kamati imeongeza kwenye fomu ya kipimo nafasi ya hematokriti na tarehe ya kuongezewa damu. Naomba mkutano huu uipitishe fomu hiyo, ianze kutumika kwa kila mgonjwa anayerudia kipimo.