Ombi kuhusu Busibi

Busia, Uganda

Swahiba Hamisi,

Salaam aleikum. Sisi wazima, mvua imechelewa, watoto wanakusalimu. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Utanigombeza tukionana. Leo nina ombi.

Uko Fort Portal, na Busibi ni upande wenu huo. Mwaka 2017 shirika la Ubelgiji liitwalo Eight lilianza kuwatumia wanakijiji pesa kwenye simu kila mwezi, kwa miaka miwili: mtu mzima yuro 16.70, mtoto nusu yake. Wote, Hamisi! Mlevi, mchungaji, mwenye ng'ombe, asiye na hata kuku. Nataka uniulizie wanaishije sasa.

Hapa kwetu, tangu majina ya mkopo wa juzi yatoke, barazani hapakaliki. Nani aliandikwa, nani alirukwa... basi, unawajua. Ndiyo maana hiyo ya kila mtu inanivutia: hakuna wa kumbembeleza.

Mzee Wandera anasema pesa ya bure huzaa wavivu. Nikamwambia avuke mpaka aende Siaya, Kenya, ambako shirika la GiveDirectly liliahidi kuwapa watu wa vijiji kadhaa senti 75 za dola kwa siku kwa miaka 12. Watafiti hawakukuta watu wameacha kazi. Wengi waliingia upatu, wakafungua biashara. Waliopewa kidogokidogo kwa miaka miwili tu ndio waliobaki nyuma ya waliopewa kwa mkupuo. Mzee akanijibu kwamba Waswisi, na utajiri wao wote, walipiga kura mwaka 2016 na karibu asilimia 77 wakakataa kila mtu alipwe hivyo. Nikamtajia Alaska, ambako tangu 1982 wakazi hugawiwa faida ya mfuko wa mafuta, nikaongeza kwamba na sisi tuna mafuta yetu Hoima. Alicheka mpaka chai ikammwagikia.

Usiku nikapiga hesabu. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Kila mmoja akipata shilingi elfu 25 kwa mwezi, kiasi kile kile wanachopewa wazee wa SAGE, ule mpango wa serikali wa kuwalipa wazee, ni karibu trilioni 13.8 kwa mwaka, na bajeti nzima ya 2024/25 ilikuwa trilioni 72. Mzee nisimwambie, atavimba kichwa! Lakini hapo ndipo ninaposema tuanze na wazee wote wa miaka 65, bila kuchagua. Mwaka 2024 SAGE ilikuwa mpaka ufikishe 80. Mama Zaituna anafika, ila kitambulisho kimempunguzia miaka sita, na majirani wanamwita binti.

Sasa niambie: upatu wa Busibi bado upo? Pesa zilipokoma, nani aliumia zaidi? Na waliozipata wanagombana kama sisi? Je, Rehema kajifungua? Utakuja lini? Nauli ya boda nitakutumia, usijifanye umeisahau namba yako.

Wako,
Sudi