Mkutano umesogea hadi Jumapili, thibitisheni tafadhali

Habari zenu ndugu zangu, poleni na kazi. Mkutano wetu wa Jumamosi umesogea hadi Jumapili saa 8 mchana, palepale ukumbi wa parokia hapa Busia, maana Jumamosi wengi tunaenda mazishini kwa mwenzetu.

1. Kampeni ya bondi ya polisi, hii ndo itachukua muda mrefu. Bondi (ile karatasi ya polisi ya kumwachia mtu aliyekamatwa, arudi atakapoitwa) ni bure kabisa lakini juzi kuna mama kauza kuku wake wote ili mwanawe atoke, imeniuma sana, kwa hiyo tunataka vikaratasi vya kugawa sokoni na kwenye steji za boda viseme wazi kwamba bondi hailipiwi, na kwamba Katiba ya Uganda ya 1995 ibara ya 23 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 48.
2. Kesi za ardhi za wale wajane wawili: wakili atakuwepo, waje na makaratasi yao yote na barua ya LC1 (baraza la kijiji).
3. Mchango elfu 10 ya kuprinti, tumeni kwa mweka hazina kwa mobail mani kabla ya Ijumaa jioni.

Tafadhali kila mtu aandike hapa NAKUJA au SIJI kabla ya Alhamisi usiku, na anayeongea Kisamia vizuri aniambie nimpe kazi ya vikaratasi.