Nilimuona wifi yangu, nikaurejea ubeti

Shangazi, assalaam alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mshoni, nakaa Jang'ombe hapa Unguja, nina mume na watoto watatu. Mchana niko na cherehani yangu. Usiku, mara tatu kwa wiki baada ya Isha, nakwenda klabu ya taarab. Taarab yetu ni ile ya asili, ya kukaa vitini na fidla na kanuni (kile chombo cha nyuzi), si rusha roho, ile ya kisasa ya kucheza. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemhadithia mkasa wangu hunikatiza, "Si ndiyo mipasho yenu hiyo!" Sisi hatuimbi mipasho. Au mimi ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Klabuni hakuna mshahara. Tukialikwa arusini, katika malipo hutolewa kwanza nauli ya gari la vyombo, halafu pesa ya nyuzi (kanuni peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, na zikikatika huzipati duka la mtaani), kinachobaki tunagawana. Fungu langu mara nyingi hununua zipu na uzi. Na zile noti watu wanazokuja kututunza nazo huingia kapuni, ni mali ya klabu. Kwa hiyo usije ukafikiri niliyoyafanya niliyafanya kwa tamaa ya pesa. Ingekuwa pesa, Shangazi, ningejitetea vizuri zaidi.

Nimekaa safu ya waitikiaji miaka 19. Mwitikiaji unavaa sare na wenzio, unafungua mdomo na wenzio, unafunga na wenzio. Ukiumwa siku moja wimbo hausimami. Sare nyingi za klabu nazishona mimi, basi watu hunisifu kwa mshono. Kwa sauti hajawahi mtu kunisifu.

Aliyenitia klabuni ni wifi yangu, dada mkubwa wa bwana. Wakati ule bwana hakutaka kusikia habari ya mke wake kusimama mbele ya watu. Wifi akamjia nyumbani, akakaa pale mlangoni kwenye mkeka, akamwambia, "Siti binti Saad katoka Fumba anauza vyungu, akafika mpaka Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri. Mkeo anakwenda Mji Mkongwe tu hapo, na daladala ya kurudi ipo." Bwana akacheka, na akishacheka keshakubali. Tokea siku hiyo wanangu usiku wa mazoezi wanalala kwa wifi. Wa mwisho mpaka leo akishikwa na homa anamwita yeye kabla yangu.

Sasa mwaka jana bwana wa wifi kaoa mke wa pili. Sitaingia humo. Ni haki yake, lakini bibi mdogo ana ulimi, na wifi ni mtu wa kunyamaza. Mimi nilikuwa naona tu jinsi anavyokonda.

Mwaka huu kiongozi wetu akanipa wimbo. Kwetu wimbo ukishapewa ni wako, mwenzio haugusi bila ya ruhusa yako. Mtungaji ni mzee wa klabu, karani mstaafu, na mashairi yale aliyaandika wiki aliyokabidhi ofisi na funguo zake. Kiini cha wimbo ni hiki:

Kiti hakina dawamu, leo wewe kesho miye,
Usikione kitamu, ukataka uzoweye.

Ni kiti cha mbao, Shangazi, cha karani. Mzee anakihadithia mpaka mguu mmoja uliokuwa ukicheza. Nilipouimba mazoezini sikufikiria chengine isipokuwa ile herufi ya mwisho inayopanda juu, maana kifua changu si cha miaka ishirini tena.

Mara ya kwanza kuuimba mbele ya watu ilikuwa arusini, na arusi yenyewe ya ukoo wa bwana wa wifi. Wake zake wote wawili walikuwepo. Wifi alikaa mkono wa kushoto karibu na mlango, na bibi mdogo kakaa kulia na kundi lake, sare moja ya zambarau. Tulifungua kwa bashrafu, muziki mtupu usio na maneno, zikaimbwa nyimbo mbili za wenzangu, kisha nikaitwa mimi. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Nilipofika kwenye kiti, bibi mdogo akainuka.

Noti ilikuwa ya elfu kumi, kaikunja kwa urefu, kaibana kwa vidole viwili. Hakuja kwangu moja kwa moja. Alizunguka ukumbi polepole, mabega yakifuata mdundo wa ngoma ya dumbaki, mpaka kiti cha wifi, akasimama nyuma yake, akainyanyua ile noti juu ya kichwa cha wifi kama mtu anayepepea. Hakumgusa wala hakusema neno. Halafu ndiyo akaja mbele, akaniwekea mkononi huku uso kaugeuza kule alikotoka. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kundi la zambarau lote likainuka, kila mmoja na noti yake.

Kuna kitu wasiojua taarab hawakijui. Pale mtunzaji anapokuja, mwimbaji ndiye anayeamua. Mpigaji fidla wetu aliunyanyua upinde wake kidogo akaniangalia, anauliza: tuendelee au turejee? Ningepitiliza nikaingia ubeti wa tatu, mambo yangekwisha, kila mtu angeamini kuwa ni la mtunzaji, si la mwimbaji. Ndiyo ada yetu.

Nilirejea, mara tatu. Mara ya tatu ile herufi ya juu ilitoka kuliko nilivyowahi kuitoa maishani.

Na nilimuona wifi. Nilimuona tokea noti ilipopanda. Alikuwa ameshika sahani ya biriani mapajani, akaiweka chini taratibu, akajitanda buibui lake, akatoka. Sahani ilibaki chini ya kiti mpaka ukumbi unafungwa.

Sikumchukia wala sina lolote naye. Ni vile vigelegele. Miaka 19 sijawahi kusikia ukumbi mzima ukiinuka kwa sauti yangu peke yangu, na nilipousikia sikuweza kuuacha ukae.

Siku ya pili wifi alimtuma mtoto kuja kuchukua kitambaa alichonipa nimshonee. Nilikuwa nishakikata, mikono tayari imeshatiwa. Nikamwambia mtoto, "Mwambie kesho." Akarudi: "Kasema hivyo hivyo kilivyo." Nikakikunja na vipande vyake nikampa. Hajatukana wala hajalalamika. Watoto wakenda anawapa chakula na kuwarejesha kabla ya Magharibi. Kulala kwake ndiko kulikokwisha.

Bwana akaniuliza usiku ule: "Ulimuona dada, au hukumuona?" Nikamwambia mimi nikiimba hufumba macho. Hapo ndipo nilipojifunga, Shangazi. Maana bwana kwa nia njema kalichukua neno hilo akalipeleka kwa mama yake mbele ya ukoo mzima, akanitetea mpaka sauti ikamkauka: mke wangu hakuona, wimbo ni wa kiti cha karani, mkitaka namleta mtungaji. Na kweli mzee aliletwa! Akakaa barazani akawaeleza habari za mguu wa kiti. Mama mkwe akaridhika. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," akaenda kuangalia chungu jikoni.

Anajua. Alinitazama usoni wakati naurejea, na mimi macho yangu yalikuwa wazi.

Rafiki yangu wa klabuni, tunayekaa viti vya pamoja tangu zamani, ananiambia niache kujitesa, wimbo ni fumbo na kila mtu hulifumbua kwa kidonda chake. Mwengine kanishauri nimrudishie kiongozi wimbo, apewe msichana mwengine. Nimefikiria hilo. Lakini nikiurudisha, ukoo utauliza kwa nini, na mzee mtungaji, ambaye hajapata kufurahi hivi tangu astaafu, nitamwambia nini? Na ukweli kamili nikuambie: siutaki kuurudisha. Tangu arusi ile tumealikwa mara mbili, na kote wameuulizia wimbo huo huo.

Nikimwambia bwana kwamba nilidanganya, yeye ndiye atakayeonekana mwongo mbele ya mama yake. Nikienda kwa wifi peke yangu nikamuomba radhi, nitakuwa nimemtaka anifichie siri kwa kaka yake, yeye niliyemuumiza. Nikinyamaza, huenda yakapoa, watu wa ukoo ndio wasemavyo, lakini kila usiku wa mazoezi namfungia mlango binti yangu wa miaka 14 na wadogo zake, na njia nzima nafikiria mkeka wa wifi.

Jumatano tunaanza mazoezi ya Idi. Kiongozi keshasema tutafungulia na kiti. Wifi kila Idi huja ukumbini, hukaa mbele, na watoto wangu ubavuni pake.

Nianze kwa nani, Shangazi, kwa bwana au kwa wifi? Na wimbo niufanye nini?

Mwitikiaji, Jang'ombe