Turubai la boti halifungwi kwa blada

Mhariri,

Boti nyingi zinazovutwa kwa trela kutoka Mombasa kwenda Kilifi, Watamu na Malindi hufunikwa turubai, likafungwa kwa chochote kilichoko karibu: blada (mpira wa kunyumbuka wenye kulabu), kamba ya plastiki ya buluu, pengine katani. Kabla ya Mtwapa turubai limeshavimba kama tanga, na dereva hana habari, kwani kiooni anaona omo tu, yaani mbele ya boti.

Anayekwenda dukani huuliza kamba ipi ngumu. Hapo ndipo anapokosea. Turubai la boti ya futi 16 halina uzito wa kukata kamba. Linaloliua ni kupigapiga. Kamba ikinyumbuka, upepo hupata mwanya, kitambaa kikapanda na kushuka, na kila kipigo kinasaga rangi ya ubavu kwa chumvi na mchanga uliobaki chini yake. Tena nguvu ya upepo haiendi sambamba na mwendo: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, inakuwa mara 4. Anayerudi kutoka Malindi msimu wa kusi, upepo utokao kusini, ana upepo wa uso, naye aujumlishe.

Kwa hiyo blada ndiyo mbaya kuliko zote, maana kazi yake ni kunyumbuka. Jua letu huipasua, na ikikatika wakati wa kukazwa hurudi na kulabu yake hadi usoni kwa anayefunga. Nailoni ni imara, ila hurefuka, hasa ikilowa. Ile ya buluu huteleza kwenye fundo, na ikikaa juani miezi kadhaa huanza kutoa unga mkononi.

Kinachofaa ni mkanda wa poliesta wa milimita 25, ambao haurefuki sana na huvumilia jua, wenye bizimu ya meno inayokazwa kwa kuvuta kwa mkono. Racheti, mkanda unaokazwa kwa mpini, iachwe ifunge boti yenyewe kwenye trela. Ukiitia kwenye turubai, unasukuma mpini mara mbili tatu huku husikii kitu, kumbe pete za pindo zinang'oka. Kulabu zilizo wazi nazo huchomoka kwenye matuta. Heri mkanda uzungushwe chuma cha trela urudi kwenye bizimu yake. Bizimu iwe ya stenlesi au plastiki ngumu, si chuma cha kawaida kitakachoacha madoa ya kutu.

Kwa boti hiyo ya futi 16 tumia mikanda 5 au 6 kila upande, sentimita 60 hadi 90 kati ya mmoja na mwingine, ikaribiane zaidi mbele kwa sababu upepo huingilia omo. Anza omo, kisha tezi (nyuma ya boti), halafu mbavu kwa kupishana kulia na kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, turubai lote huvutika huko. Funga kwenye chesi (fremu) ya trela, kamwe si kwenye ekseli wala springi: hizo hupanda na kushuka kwa kila tuta, na mkanda utakuwa ukilegea na kukaza njia nzima.

Mkanda uliolala bapa hutetemeka na kulia kwenye upepo. Usokote nusu duru kati ya pindo na chesi, utanyamaza. Unapogusa ubavu, weka kipande cha taulo kuukuu. Ncha inayobaki ifungwe, la sivyo itachapa rangi au izingwe na tairi. Fito za kuinulia turubai wakati boti imeegeshwa zitolewe. Moja ikianguka njiani, turubai linabonyea na mikanda yote inalegea.

Simama baada ya kilomita 10 hivi ukaze tena. Aliyetoka Nyali, Mtwapa panamtosha. Mkanda uliolegea hapo haumaanishi ni mbovu; turubai ndilo limejikalia.

Yote haya ni kwa turubai lililoshonewa boti hiyo, lenye pindo na pete. Lile pana la dukani, la kufunikia mchanga au mahindi, hakuna mkanda utakaolituliza barabarani. Likunje ulitie kwenye buti ya gari, boti iende wazi.

Fundi wa boti,
Kisauni, Mombasa