Malalamiko kuhusu pampu ya maji ya bahari iliyozibwa tundu kwa silikoni

Kwa Meneja wa Karakana,

Ndugu Meneja,

YAH: MATENGENEZO MABOVU YA PAMPU YA MAJI YA BAHARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa boti ya mizigo inayokwenda kati ya Tanga na Pemba. Mwezi uliopita niliwaletea pampu ya maji ya bahari ya injini yangu ya dizeli, ile inayovuta maji ya kupozea injini, kwa kuwa ilikuwa ikidondosha maji. Tulikubaliana mbadilishe vya ndani vyote: shafti, beringi, sili ya maji na sili ya oili (vizuizi vya kuvuja kwenye shafti), impela (gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji) na bamba la mfuniko. Ankara yenu inavitaja vyote hivyo, na vyote nimevilipia.

Tulipokuwa tumetia nanga Wete, kijana wangu wa injini alichomoa dipstiki kupima oili. Ilikuwa imepanda kupita alama ya juu, na rangi yake kama chai ya maziwa. Maji ya chumvi yameingia ndani ya injini. Hatukuthubutu kuiwasha tena. Mzigo wa watu niliuhamishia boti nyingine, na yangu ikavutwa kwa kamba mpaka Tanga.

Pampu imefunguliwa mbele ya fundi mwingine, na picha nimeziambatanisha. Impela ni mpya kweli. Lakini shafti ni ileile ya zamani: pale mdomo wa sili unapokaa imechimbika mfereji, ukipitisha ukucha unakwama. Sili hata iwe mpya namna gani haizuii maji juu ya shafti ya hivyo. Beringi nazo ni zilezile, na bamba la mfuniko limegeuzwa tu na kupakwa rangi.

Hayo ni ya fedha, yangezungumzika. Lililonikasirisha ni tundu. Chini ya mwili wa pampu, kati ya sili ya maji na sili ya oili, pana tundu dogo ambalo fundi wenu amelijaza silikoni. Pampu hii haiendeshwi na mkanda, imefungwa moja kwa moja kwenye gia za injini. Sili ya maji ikichoka, maji hutokea kwenye tundu hilo na kudondoka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, mwenye boti akayaona mapema. Likizibwa, maji hayana pa kutokea ila kulazimisha njia kwenye sili ya oili, kisha yakaingia kwenye injini. Kwa hiyo pampu iliyoletwa kwenu ikivuja nje ilirudi kwangu ikivujia ndani, na mimi nikiiona kavu nikaamini imepona.

Msimamizi wenu alinijibu kwa simu kwamba wateja hawapendi kuona pampu inadondosha. Jibu hilo silipokei. Tone la maji ngamani halimzuii mtu kufika. Maji ya chumvi kwenye beringi za krankshafti, mhimili mkuu wa injini, yanaua injini, na mkondo wa Pemba wakati wa kusi si mahali pa kuzimikiwa na injini huku boti imejaa mzigo na vijana wa watu wamo ndani.

Kuna na la impela ya zamani. Ilitoka ikiwa imepungukiwa mabawa, na fundi wenu hakuyatafuta. Tumevikuta vipande vyake vimekwama kwenye mdomo wa kipoza maji, ambamo maji ya bahari hupita kupoza injini, vimeziba mirija. Kila fundi wa boti anajua kwamba bawa lililokatika lazima litafutwe kabla pampu haijafungwa.

Naomba mnirudishie fedha zote nilizolipa na mnipe pampu nzima mpya, si ya kupakwa rangi. Mlipie oili na vichujio vilivyotumika kusafisha injini, gharama ya kuvutwa kutoka Wete, na ukaguzi wa beringi za krankshafti utakaofanywa na fundi nitakayemchagua mimi. Shafti na pampu ya zamani ninavyo, sitavikabidhi mpaka shauri hili liishe.

Aidha, waiteni wote ambao pampu zao zimepita kwa fundi huyo, muwaangalizie tundu hilo bure. Baadhi yao hubeba abiria, nao hawana habari.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka ankara na picha hizi Tume ya Ushindani.

Wenu,

Mmiliki wa boti, Tanga

Viambatanisho: nakala ya ankara, picha za shafti, tundu na kipoza maji