Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wataalamu wa Maabara, Bukavu

Ndugu wanachama, wakubwa kwa wadogo,

Mikutano minne ya kawaida ilifanyika, mafunzo ya usalama wa maabara yalitolewa, wafiwa walipelekewa rambirambi na hesabu zilikaguliwa. Hayo mnayajua.

Neno lililozungumzwa mwaka mzima, zaidi nje ya mikutano kuliko ndani, ni zile dola 1,900 zilizotolewa katika akiba iliyowekwa kwa ajili ya jokofu ili wenzetu wanne wafundishwe kusoma jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya kimelea cha kipindupindu kwa mashine ya kuazima. Imesemwa kwamba mwenyekiti alitafuta sifa. Ninakubali kwamba wazo lilikuwa langu na barua za kuomba mashine niliziandika mwenyewe, usiku, kwa gharama yangu. Lakini komite ndiyo iliyopitisha, na sahihi zipo.

Wapinzani wanasema kwamba bakteria ikishaota manjano kwenye sahani ya kuoteshea na kugandana ikitiwa seramu ya kutambua Ogawa, mojawapo ya aina za kimelea hiki, kazi imekwisha, kwa kuwa mgonjwa atapewa maji ya chumvi na sukari hata kama ukoo wa kimelea chake haujulikani. Kwa mgonjwa mmoja, ni kweli kabisa. Lakini mgonjwa wa Kadutu, hapa mjini, akiwa na Ogawa, na wa Uvira vilevile, seramu haiwezi kutuambia kama kimelea kilipanda na malori kutoka bonde la Ruzizi, kilikuja na mashua kutoka Minova, au kilikuwa hapa hapa mjini, maana inatambua ganda la nje tu. Hata njia iliyoanza mwaka 1998, ya kulinganisha vipande vya jeni 7, haitufikishi mbali, kwani vimelea vya wimbi la saba la dunia, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, vimetoka shina moja na jeni hizo karibu zote zinafanana. Inabidi kusoma jenomu nzima, herufi zipatazo milioni 4 katika kromosomu 2, kisha kuhesabu zile chache zilizobadilika. Ndivyo kipindupindu kilichoingia Haiti mwaka 2010 kilivyotambuliwa kuwa ndugu wa karibu wa kile cha Nepal.

Sampuli zetu zilikuwa 12, na 3 ziliharibika kwa joto umeme ulipokatika siku mbili. Najua nani atakayetaja jokofu; naomba akumbuke pia kwamba mafuta ya jenereta niliyaomba mara mbili.

Siku wenzetu walipobandika ukutani mti wa ukoo wa zile 9 zilizosomeka, kati ya wanachama 58 walifika 17, na 6 kati yao waliondoka mara tu baada ya soda. Michango ya mwaka, dola 40 kwa kila mtu, imelipwa na 21. Tunadai dola 1,480. Nimepitia orodha kwa utulivu: wengi wanaotaka akiba ya jokofu irudishwe wamo katika wale 37.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na wafadhili wakitusikia, tunatumaini kupata mashine yetu wenyewe, hata ile ndogo inayoshikika mkononi, na kufika Uvira.

Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti